Huku Hakuna Watu

Niliendesha lori la chumvi miaka 19, na miaka yote hiyo sikujua vumbi langu huangukia wapi. Dereva huliona likipanda kwenye kioo cha ubavuni, kona inafika, kioo kinabaki na minazi, yamekwisha. Nilikuja kulijua vizuri mgongo uliponiachisha kazi. Nikafungua kiduka kibarazani kwangu, huku nyuma ya mji wa Malindi, na haukupita muda malori yale yale niliyoyaaga yakanifuata hadi mlangoni.

Asiyeijua Malindi nimweleze kidogo. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka Gongoni na Marereni, kaskazini mwa mji. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua na upepo huyakausha, chumvi ikakombwa na kupakiwa. Ili ifike Mombasa sharti ivuke daraja la Mto Sabaki na kuingia Malindi, maana barabara kuu ya kutoka Garsen ni hiyo hiyo moja. Juu ya chumvi weka mawe ya kujengea, mchanga, saruji, embe za Magarini msimu ukiwadia, na ng'ombe wanaoshuka kutoka Tana River. Vyote hupita katikati ya tuktuk, watoto wa shule na watalii wanaotafuta aiskrimu ya Kitaliano.

Wenye maduka ya mjini walilalamika. Wenye hoteli wakalalamika. Sikatai, walikuwa na sababu: semitrela iliyojaa ikikwama kwenye mzunguko, mji mzima unasimama. Kukaitishwa mkutano, siku ya kazi, saa nne asubuhi, katika hoteli ya ufuoni, na tangazo lake lilitoka gazetini kwa Kiingereza. Mtaani kwetu saa nne asubuhi mwanamume yuko mjengoni au baharini, mwanamke yuko sokoni au jikoni kwa watu. Hata wangetupigia mbiu ya mgambo tusingekwenda. Wiki chache baadaye tukamwona kijana anachimba shimo pale njia panda. Akasimika kibao: malori yote mazito, mshale, njia hii. Na njia hii ni barabara ya marumu inayopita mbele ya kiduka changu.

Nilizunguka ofisi nne. Sitazitaja, kwa sababu kila moja ilinipokea kwa adabu na kunipeleka kwa nyingine. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 Kenya ina mamlaka moja ya barabara kuu, nyingine ya barabara za mijini, nyingine ya vijijini, na baada ya Katiba ya 2010 kaunti nazo zina zao. Mwananchi mwenye malalamiko huanza kwa kutafuta barabara ni ya nani, na akishajua, mwaka umekwisha. Katika ofisi ya tatu afisa mmoja mpole alinikunjulia ramani mezani. Njia ya nyuma, akasema, ndiyo yenye madhara madogo, kwa sababu huku hakuna watu.

Nikainama kuangalia. Kweli hatukuwemo. Palikuwa na namba za mashamba na mipaka iliyonyooka, na palipo nyumba yangu pameachwa peupe.

Mgeni atadhani mchoraji alikosea. Mtu wa pwani anajua. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ayapeleke kwa serikali ya mkoloni yakaandikishwe. Wengi waliokuwa wakilima huku walibaki nje ya daftari, na wajukuu wao mpaka leo huitwa maskwota wakiwa wamekaa juu ya makaburi ya babu zao. Asiye na hati hana kiwanja, asiye na kiwanja hana nyumba kwenye ramani, na nyumba isiyo kwenye ramani haiwezi kuingiwa na vumbi. Siamini kwamba kuna mtu aliyeketi akapanga kutuonea. Walitafuta mahali ambapo mstari ungepita bila kugusa hati ya mtu, wakapapata.

Mke wangu hukaanga mahamri alfajiri. Siku ya kwanza ya malori alifunika ungo kwa kitambaa. Siku ya tatu akaongeza cha pili. Wiki ya pili akahamia kuuzia uani, ambako mteja wa njiani hafiki. Hasara hiyo hakuna mtaalamu aliyekuja kuipima. Mjukuu wetu mwenye pumu tulimhamishia chumba cha nyuma. Ukuta wa udongo wa jirani ukapata ufa wa kupitisha kidole. Na usiku mimi nililala macho wazi, nikisikiliza kazi yangu ya zamani: lori tupu likiingia shimoni hugonga kama debe, lililojaa huguna. Nilijua hata dereva yuko gia ya ngapi. Usingizi wa dereva mstaafu nao una mateso yake.

Majirani walitaka kuwapiga madereva mawe. Hapo niligombana nao. Dereva wengi hulipwa kwa safari, si kwa siku; akienda polepole analala njaa. Barabara ya marumu haikujengewa uzito wake, naye anajua. Wahandisi walishapima jambo hili Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: uzito kwenye ekseli ukiongezeka mara mbili, barabara huumia takriban mara 16. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 gari kubwa kabisa huruhusiwa kufika tani 56. Mizani iko Mtwapa, kwenye lami. Njia ya panya haina mizani. Ukizielekeza tani hizo kwenye udongo mwekundu hutapata barabara, utapata mtaro wa unga wakati wa jua na mtaro wa uji wakati wa masika.

Habari ya upepo nilichelewa kuitambua, nami ni mtoto wa mvuvi. Bahari ya Malindi iko mashariki. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Zote mbili zinatoka upande wa maji. Kwa hiyo nyumba zilizo magharibi mwa barabara hula vumbi na moshi karibu mwaka mzima, na zilizo upande wa bahari hupata sehemu yao usiku tu, umande unapovuma kutoka bara. Siku mtu alipokuja na kichombo cha kupimia hewa alikisimika upande wa bahari, chini ya mwarobaini, kwa sababu kulikuwa na kivuli. Hakuwa na nia mbaya. Nilimletea maji ya kunywa, nikamwomba avuke barabara. Akavuka, na uso wake ukabadilika alipoangalia namba.

Yeye ndiye aliyetufundisha kutenganisha vumbi na moshi. Vumbi la marumu linaonekana, linachafua, linakera, lakini sehemu kubwa yake hunaswa puani. Moshi wa dizeli ndio mwizi wa kimyakimya: punje zake nyingi ni ndogo kuliko mikromita 2.5, yaani hata punje 30 zikipangwa sambamba hazizidi sana unene wa unywele, nazo huteremka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi huo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku. Nikakumbuka miaka niliyokuwa nikiiacha injini ikinguruma nje ya nyumba za watu huku nakunywa chai.

Mpwa wangu, anayesoma mipango miji, alitusomea habari za Oakland kule California. Mji una bandari, na una barabara kuu mbili zinazokwenda karibu sambamba. Ile ya I-580 inapita vilimani, kwa wenye nafasi. Malori ya zaidi ya tani 4.5 yamepigwa marufuku kuipita tangu miaka ya 1960. Basi yote huteremkia I-880, inayopita bondeni, kwenye mitaa ya watu weusi na Walatino. Watu wa West Oakland walianza kuhesabu malori wenyewe, mitaani mwao. Alituambia pia habari za Warren County, North Carolina, mwaka 1982, ambako watu walilala barabarani mbele ya malori yaliyobeba udongo wenye sumu. Malori yalipita hatimaye, watu zaidi ya 500 walikamatwa, lakini hapo ndipo maneno "haki ya mazingira" yalipoanza kusikika Marekani. Mzee mmoja kibarazani akauliza, "Kwa hiyo hata kwa Wamarekani lori linajua nyumba ya maskini?" Hakuna aliyemjibu. Kahawa ilikuwa imepoa.

Tukaanza kuhesabu. Daftari la shule, kalamu mbili, zamu tatu. Wasichana wa kidato cha nne walihesabu wakitoka shule, bodaboda wa njia panda wakashika jioni, mimi na mlinzi mmoja tukachukua usiku. Niliwafundisha kutofautisha ekseli mbili, tatu na semitrela, na kutambua kwa sikio lililobeba na lisilobeba. Mwanzo tuliandika malori tu. Mama mmoja muuza viazi karai akatukosoa: mbona hamuandiki watu? Tukaongeza safu ya watoto wanaovuka kwenda shule, wanaovuka kwenda madrasa, wanawake wanaokwenda kisimani. Safu hiyo ndiyo iliyokuja kuwanyamazisha wakubwa. Na usiku ulituonyesha jambo ambalo ripoti ya ofisi haikuwa nalo, kwa sababu wao walihesabu kuanzia asubuhi hadi jioni: malori mengi yaliyojaa yalipita baada ya saa nne usiku.

Mwanasheria mmoja kijana alikuja kutusaidia bila malipo. Wasiwasi wetu mkubwa ulikuwa hati. Tutadai vipi kuhusu barabara wakati hata ardhi si yetu kisheria? Akafungua Katiba. Kifungu cha 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi na salama kwa afya. Kila mtu, akarudia, haikuandikwa kila mwenye shamba. Kisha kifungu cha 70: anayekwenda mahakamani kudai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Na Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele, na pia trafiki. Nilimwona mke wangu akifuta machozi kwa ncha ya leso. Aliniambia baadaye ni vumbi.

Kilichotupa moyo zaidi kilitoka kwa majirani zetu wa Lamu. Lamu mjini hakuna malori, kuna punda na mashua, lakini bandari kubwa ilipoanza kuchimbwa wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa hapa Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulipoisoma hukumu hiyo tukaikumbuka ile hoteli ya ufuoni, saa nne asubuhi.

Hatukufika mahakamani. Daftari lilitosha. Kikao kipya kiliitishwa, safari hii jioni, kwenye uwanja wa shule, na watu wakajaa. Wakubwa wakakubali kwamba njia yetu haifai. Wakaweka ramani mezani wakauliza: basi malori yapite wapi?

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye uzito wa habari hii, na ningeweza kuparuka. Waliniita mbele kama dereva wa zamani anayejua njia. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama. Nikaweka kidole juu ya ramani, nikakivuta kuelekea magharibi, mbali zaidi na mji, kwenye njia ya mashambani iliyokuwa ikitumika na matrekta. Nikasema, "Hapa, huku hakuna watu."

Walipiga makofi.

Malori yakahama. Mke wangu akarudi barazani na mahamri yake. Mjukuu akarudi chumba cha mbele. Kibao kiling'olewa na watoto wakakifanya meza ya bao. Kwa miezi kadhaa nilisalimiwa mtaani kama shujaa, na sikuukataa ushujaa huo.

Kisha tukapata msiba. Bibi mmoja wa upande wa mke wangu alifariki huko mashambani, tukaenda matanga. Nilishuka kwenye bodaboda nikaona mikorosho imepakwa rangi moja, nyekundu kuanzia jani hadi shina, kama iliyopigwa chokaa ya matofali. Mwanamke alikuwa anafunika mtungi wa maji kwa leso, na juu ya leso akaweka ungo, na juu ya ungo jiwe. Nilimjua mwanamke huyo. Sikuwahi kumwona, ila vile vitendo vya mikono yake nilivitazama nyumbani kwangu kila siku kwa mwaka mzima.

Mzee mmoja wa Kigiriama alikuja kunipa pole ya msiba, akaketi kando yangu kwenye gogo. Tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya korosho. Lori likapita, tukanyamaza mpaka vumbi lishuke, kama watu wanavyonyamaza kwa adhana. Akaniuliza, "Mwanangu, wasema watoka mjini. Wamjua huyo dereva aliyewaambia hapa hatupo?"

Nilimwambia ni mimi.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alitazama barabara, akasema, "Basi sasa umetuona," akainuka kwenda kusaidia kubeba maji ya wageni.

Nikirudi nyumbani sikumwambia mtu yeyote kwa siku tatu. Nilifungua daftari letu nikasoma kurasa za kwanza, nikaona jinsi tulivyokuwa tumeuliza swali moja tu tangu siku ya kwanza: yaondoke vipi kwetu. Hatukuuliza kwa nini mzigo mzito uko juu ya udongo na si juu ya lami iliyojengwa kuubeba. Hatukuuliza kwa nini saa za malori zinapangwa kwa kuangalia usingizi wa mgeni na si safari ya mtoto wa shule. Wenye chumvi wanapata faida yao, mji unapata utulivu wake, na bili hupelekwa mlango unaofuata, kisha unaofuata. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu kero za viwanda vya chumvi huko Magarini, ikiwemo Gongoni, ardhi na maji vikiwa mbele. Wale watu wa Gongoni walishaonja kabla chumvi haijapakiwa. Sisi tuliisogeza tu kero mbele kidogo, kwa kidole changu.

Niliwaeleza wenzangu wa kamati. Wawili walijitoa papo hapo. Mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba nikiyarudisha malori mtaani yeye hatanisalimia tena, na ametimiza neno lake. Siwezi kumlaumu, ana mtoto mchanga. Waliobaki tukakodi matatu ndogo, tukaenda mashambani kukaa na wale tuliowapelekea. Mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu mno na sitausimulia.

Tulichokubaliana baada ya vikao vingi ni hiki. Lililobeba lipite lami. Lisilobeba liruhusiwe njia ya udongo, mwendo wa polepole, kwa kugawana siku kati ya njia yetu na yao, ili asiwepo mmoja wa kubeba yote. Mchanga na kokoto vifunikwe turubai. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na wakati wa kutoka shule, lori lisionekane popote penye watoto, iwe mjini iwe shamba. Na barabara imwagiwe maji wakati wa kaskazi. Kuhusu kugawana siku ndiko tulikobishana zaidi, na nilipigia kura upande wa ndiyo nikijua vumbi litarudi kwenye ungo wa mke wangu. Alinitazama tu. Usiku ule alisema atanunua kabati la kioo kama la wauza samosa wa mjini, na nitalilipia mimi.

Mpaka sasa tumepata turubai na saa za shule. Maji yalimwagwa mara mbili, mara zote mbili kulikuwa na mgeni mkubwa njiani. Lililobeba bado linapita mashambani. Wenye hoteli wana barua yao ya kupinga, sisi tuna yetu ya kudai.

Kuhesabu kunaendelea. Yule mzee hajui kuandika, kwa hiyo ana makopo mawili ya maziwa na mfuko wa korosho: lori la mchana, korosho moja kopo hili, la usiku, kopo lile. Kila Ijumaa baada ya swala nachukua bodaboda naenda kuhesabu naye, naandika daftarini, korosho zinarudi mfukoni. Wajukuu wake huziiba, naye huwa anazijua zilizopungua.

Kikao kijacho tumeomba kifanyike kwake, chini ya mwembe, baada ya alasiri, kwa Kiswahili na Kigiriama. Afisa alinipigia simu wiki iliyopita. Hakuwa na pingamizi na saa wala lugha. Aliuliza tu kama kuna mahali pa kuegesha magari. Nikamwambia pako, tena pakubwa, ila aje na kitambaa cha kufutia kioo.